KWA NINI MAJENGO YETU HAYAMALIZIKI?
Sababu za kuchelewa kwa miradi ya ujenzi ya sharika na namna ya kuongeza tija

(Hii ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za ujenzi za sharika, iliyohudhuriwa pia na wawakilishi wa wafadhili. Tunaichapisha ili iwafikie na wale ambao hawakuweza kufika. – Mhariri)



Tumepewa kuzungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu analijua kwa macho, nalo ni majengo yanayoanza kwa shangwe na kuchelewa kumalizika. Hatukuja kumnyooshea mtu kidole. Tumekuja kutazama sababu moja baada ya nyingine, ili tukirudi nyumbani tujue pa kuanzia.

1. Hali ilivyo

Anayetembelea sharika zetu hawezi kukosa kuona kuta zilizofika kwenye lenta bila paa, nondo zilizoota kutu zikielekea juu, na matofali yaliyofunikwa na majani. Mahali pengine ni kanisa, pengine ni madarasa au nyumba ya mwinjilisti. Panapouma zaidi ni pale ambapo jengo lilikusudiwa kuwa zahanati.

Katika usharika mmoja ulio bondeni, kuta za zahanati zilifika kwenye lenta kisha zikasubiri paa kwa masika mbili. Kozi za juu zililegea, lipu iliyowahi kupigwa ndani ikabanduka, na mkandarasi aliyekuja baadaye akalazimika kubomoa sehemu ya ukuta kabla ya kuendelea. Muda wote huo, mama mjamzito wa kijiji kile alikuwa akibebwa kwa pikipiki kupita mto usio na daraja ili kufika kituo cha afya. Tunaposema "mradi umechelewa", maana yake kwa mama huyo ni usiku wa hatari.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Mkristo aliyetoa bati tatu kwenye harambee, akapita kila Jumapili akiona kuta zile zile, siku ya harambee ya pili hatoi. Hasemi neno, ananyamaza tu. Imani ya watu katika kamati ikibomoka, haijengwi upya kwa saruji.

Hata hivyo, tusijione kama tuko peke yetu. Mtafiti Bent Flyvbjerg, ambaye kwa miaka mingi amekusanya takwimu za miradi mikubwa duniani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2023 kuwa ni asilimia 8.5 tu ya miradi aliyoichunguza iliyomalizika ndani ya gharama na ndani ya muda uliopangwa. Hapa kwetu, jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro liliwekwa Aprili 2017, na kazi ilipangwa kuchukua miezi 30. Treni ya abiria ilianza safari tarehe 14 Juni 2024. Kanisa kubwa la Ulm huko Ujerumani, ambalo ni la Walutheri wenzetu, lilianza kujengwa mwaka 1377, ujenzi ukasimama mwaka 1543, na mnara wake ukakamilika mwaka 1890. Kuchelewa, basi, si ugonjwa wa Waafrika wala wa watu wa kanisa. Ni ugonjwa wenye sababu zinazojulikana, na kwa hiyo una tiba.

2. Siku za kazi na siku za kalenda

Kabla ya kutaja sababu, tufanye hesabu ndogo. Tuchukue chumba kimoja cha darasa chenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7. Kuta zake nne kwa pamoja zina urefu wa mita 32. Zikipanda mita 3 tunapata mita za mraba 96. Tukitoa mlango na madirisha, zinabaki kama 80. Mita moja ya mraba inahitaji matofali ya saruji ya nchi sita yapatayo 10, tukihesabu na yanayovunjika. Kwa hiyo tunahitaji matofali 800.

Fundi anayehudumiwa vizuri, ambaye tofali na mchanganyiko wa saruji na mchanga vinamfikia mkononi, anaweza kuweka matofali 80 kwa siku bila kujiumiza. Mafundi wawili wataweka 160. Tukigawa 800 kwa 160, tunapata siku 5. Tuongeze siku za kufunga jukwaa na kuacha kozi za chini zikaze, tuseme wiki mbili.

Ndugu wajumbe, ni chumba kipi cha darasa katika dayosisi yetu ambacho kuta zake zilisimama kwa wiki mbili? Tunajua ambacho kilichukua miaka miwili. Ina maana kazi yenyewe ilikuwa ya siku chache, na siku nyingine zote zilikuwa za kusubiri. Mara nyingi tunamlaumu fundi kwamba ni mvivu, lakini ukikaa kwenye eneo la ujenzi na daftari, utaona kuwa sehemu kubwa ya muda fundi amekaa juu ya tofali akisubiri kitu. Anasubiri mchanga au maji. Anasubiri mwenye ufunguo wa stoo, au mtu wa kumwambia dirisha linakaa wapi.

Tuchukue siku moja. Mafundi wanne na wasaidizi sita wamefika saa moja na nusu asubuhi. Saruji inafika saa nne kwa sababu gari lilienda kwanza kupeleka mahindi mnadani. Saa mbili na nusu mara watu kumi ni saa 25, yaani zaidi ya siku tatu za kazi ya mtu mmoja, zimepotea kabla ya chai. Kama wanalipwa kwa siku, usharika umelipia hewa. Kama wanalipwa kwa kipande, wao ndio wamepata hasara, na wiki ijayo wataenda kwa tajiri mwingine asiyewachelewesha.

Hiyo ndiyo maana ya tija ndogo. Haipimwi kwa jasho. Pima kazi iliyosimama kwa siku, na uulize ni nini kilichoizuia.

3. Sababu zinazotokana na maandalizi

Kuanza kabla ya kuwa tayari. Hii ndiyo sababu ya kwanza, na ndiyo mama wa nyingine nyingi. Usharika unasikia kuwa Baba Askofu atafanya ziara mwezi wa sita, na kamati inataka awekee jiwe la msingi. Mitaro inachimbwa kwa haraka, ramani haijakamilika, vifaa havijakadiriwa. Jiwe linawekwa, picha zinapigwa, wiki inayofuata pesa zimekwisha. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Tunafahamu usharika mwingine ambao kwa miezi kumi na moja haukuweka tofali hata moja. Washarika walinung'unika, wengine wakasema fedha zimeliwa. Kumbe kamati ilikuwa inafyatua matofali kidogo kidogo na kuyamwagilia, inakusanya mawe na kokoto wakati wa kiangazi, inanunua mabati na kuyahifadhi kwenye nyumba ya mchungaji. Kila mwezi walisoma kanisani hesabu ya vilivyopatikana. Walipoanza kuchimba msingi, jengo lilifika kwenye paa kwa wiki kumi na nne. Kuchelewa kuanza kuliwaharakisha kumaliza.

Biblia inatufundisha hivyo hivyo. Nehemia alijenga ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52, nasi tunapenda kuitaja hesabu hiyo kwenye harambee. Tunasahau yaliyotangulia. Alimtajia mfalme muda atakaotumia. Aliomba barua za kupita na barua ya kupewa miti kutoka kwa mtunza msitu. Alipofika, alizunguka usiku akikagua palipobomoka kabla ya kumwambia mtu yeyote. Na alipoanza, wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe, kila mtu akajua kipande chake. Hekalu la Sulemani nalo lilijengwa kwa mawe yaliyochongwa tayari machimboni, hata nyundo haikusikika mahali pa ujenzi. Ndivyo na Bwana Yesu, katika Luka 14, anavyozungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kukaa kwanza na kuhesabu gharama.

Ramani iliyo kichwani. Sharika kadhaa zinajenga kwa ramani iliyochorwa kwenye karatasi ya daftari, au isiyochorwa kabisa. Mwenyekiti ana picha yake, mchungaji ana yake, fundi ana yake. Matokeo ni kubomoa na kujenga tena. Tofali lililowekwa, likabomolewa, likawekwa tena, limelipiwa mara tatu. Kwa zahanati na shule kuna jambo la ziada, kwamba majengo haya lazima yafuate mahitaji ya wizara husika, la sivyo hayasajiliwi. Jengo lililokamilika lakini haliwezi kusajiliwa kwa sababu chumba cha kujifungulia ni kidogo ni jengo lililochelewa, hata kama limepakwa rangi.

Kiwanja na vibali. Mara nyingine kazi inasimama kwa sababu mpaka una mgogoro, au mtoto wa aliyetoa kiwanja anasema hakushirikishwa. Neno la mdomo la mzee aliyekwisha kufariki halitoshi. Pata maandishi, mihutasari ya kijiji, na hati panapowezekana, kabla ya kupeleka hata lori moja la mawe. Aidha, kibali cha ujenzi cha halmashauri si karatasi ya kusumbua watu. Kibali ndicho kinachomleta mhandisi atazame ramani yako kabla hujaharibu fedha.

4. Sababu zinazotokana na fedha

Ahadi si fedha. Kwenye harambee tunatangaza jumla, na ndani ya jumla hiyo fedha taslimu na ahadi vimechanganywa. Tuseme jumla ni shilingi milioni 40, na taslimu ni milioni 14. Kamati inapanga kazi kwa milioni 40. Ahadi nyingi za wakulima hulipwa baada ya mavuno, na mvua isiponyesha hazilipwi. Ushauri wetu ni kwamba kazi ipangwe kwa fedha iliyoko benki, na ahadi ihesabiwe siku inapolipwa.

Bei hazisubiri. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai. Usharika unaokusanya polepole unakimbizana na bei. Mwezi Novemba 2020 saruji iliadimika na kupanda bei katika mikoa mingi, hata Waziri Mkuu akaagiza chanzo chake kitafutwe. Tuseme mfuko umepanda kwa shilingi 3,000 tu. Jengo linalohitaji mifuko 200 limeongezeka shilingi 600,000 kabla hujagusa nondo wala mabati. Kwa hiyo fedha ikipatikana, ni heri kununua vile visivyoharibika kama mawe, kokoto, mchanga, nondo na mabati. Saruji isinunuliwe mapema mno. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu, hasa mahali penye unyevu, inapoteza nguvu. Na hata ikikaa wiki chache, iwekwe juu ya mbao, isigusane na sakafu wala ukuta.

Sahihi za benki. Jambo hili linaonekana dogo, lakini limesimamisha kazi nyingi. Akaunti ina watia sahihi watatu, na mmoja anaishi mjini. Fundi anadai, saruji imekwisha, na kamati inasubiri mtu arudi kutoka msibani. Hatusemi udhibiti ulegezwe. Tunapendekeza kuwepo na mtia sahihi wa akiba aliyeidhinishwa na Baraza la Wazee, na kuwepo na fedha ndogo yenye kikomo kilichoandikwa, ambayo mtunza hazina anaweza kuitumia kwa mahitaji ya siku na kuirudishia kwa stakabadhi.

Kuchelewesha malipo ya mafundi. Fundi ana watoto wanaokula kila siku. Ukimcheleweshea wiki tatu hatagoma, ila atapokea kibarua kingine na kwako atakuja mara moja moja "kukutuliza". Mtumishi anastahili ujira wake. Anayelipa kwa wakati ndiye anayepata mafundi wazuri, tena kwa bei nafuu.

5. Sababu zinazotokana na usimamizi wa kazi

Kukosa mpango wa vifaa. Matofali yanayofyatuliwa yanahitaji kumwagiliwa maji angalau siku saba, na ni vema yakae zaidi ya hapo kabla ya kujengewa. Mfuko mmoja wa saruji ukitoa matofali kama 30 ya nchi sita, yale matofali 800 yanahitaji mifuko isiyopungua 27. Kamati inayoanza kufyatua siku ambayo fundi ameanza msingi imejiwekea kusubiri. Ni hivyo hivyo kwa mbao. Mbao mbichi zikipandishwa kwenye kenchi hujipinda, na paa likijipinda ni kazi ya kurudia.

Maji. Katika maeneo ya tambarare tatizo hili ni kubwa kuliko saruji. Mfuko mmoja wa saruji kwa zege ya uwiano wa moja, mbili, nne unahitaji maji lita 25 hadi 30, mbali na ya kumwagilia. Siku ya kumwaga jamvi inaweza kutaka mapipa kadhaa. Akina mama wanaombwa waje na ndoo moja moja kutoka kisimani, kazi inakwenda kwa mwendo wa ndoo. Matanki au mapipa yajazwe siku mbili tatu kabla. Gharama ya kukodi gari la maji kwa siku moja mara nyingi ni ndogo kuliko ujira wa watu kumi waliokaa.

Msaragambo usiopangwa. Nguvu za washarika ni utajiri wetu, na wafadhili wanazithamini. Lakini Jumamosi watu sitini wakija wakakuta makoleo matatu, hamsini watakaa kivulini wakizungumza, na Jumamosi ijayo watakuja ishirini. Kila mtaa upewe siku yake, kazi yake na kipimo chake, kwa mfano mtaa fulani kusogeza matripu mawili ya mawe, na mtaa mwingine kujaza kifusi chumba kimoja. Vifaa viandaliwe jana yake. Tusiwaite watu wakati wa kupanda au kupalilia. Kazi za kitaalamu kama kufunga nondo na kumwaga zege ya lenta ziachiwe mafundi.

Kalenda ya mvua. Sehemu zenye masika na vuli zinajua kuwa Machi hadi Mei barabara hazipitiki, na kanda ya kati na kusini mvua huanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Bado tunaona msingi ukichimbwa Februari. Mitaro inajaa maji, udongo unaporomoka, tunachimba tena. Anayejua masika inakuja hawezi kusema imemkuta kwa ghafla.

Mabadiliko ya viongozi. Mchungaji anahamishwa, anayekuja anaona kanisa ni fupi, anataka liongezwe mita nne. Uchaguzi wa wazee unaleta kamati mpya inayotaka fundi wake. Mabadiliko mengine ni ya lazima, lakini kila badiliko lina bei na siku zake. Tunashauri kila badiliko la ramani liandikwe, likadiriwe, lipitishwe na Baraza la Wazee, na mhandisi aridhie. Badiliko lililosemwa kwa mdomo kwenye eneo la ujenzi lisitekelezwe.

Mikataba isiyoeleweka. Fundi anaambiwa "utajenga hadi juu". Juu ni wapi? Kwenye lenta au kwenye paa? Mkataba useme kazi ipi, kwa kipimo gani, kwa muda gani, na malipo yanatolewa kazi ikifika wapi. Kwa majengo makubwa tumieni mkandarasi aliyesajiliwa. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, inawapanga makandarasi katika madaraja, na madaraja ya chini yana kikomo cha thamani ya kazi. Ulizeni cheti, na mthibitishe Bodi kabla ya kutoa malipo ya awali.

6. Neno kwa ndugu zetu wafadhili

Tunazungumza nanyi kama wenzetu katika kazi moja. Ucheleweshaji mwingine unazaliwa kati ya ofisi zetu na zenu, na ni vema usemwe waziwazi.

Kwanza, wakati wa fedha kufika. Fedha inayofika Machi, ikiwa na sharti kwamba itumike na kutolewa taarifa kabla ya mwisho wa Juni, inatulazimisha kujenga kwenye tope. Tunaomba ratiba ya awamu ifuate msimu wa mahali panapojengwa, kuliko mwaka wa fedha wa mahali fedha inapotoka.

Pili, namna ya kugawa awamu. Fedha ikigawanywa kwa asilimia, awamu moja inaweza kuishia katikati ya ukuta. Tunaomba kila awamu iishie mahali ambapo jengo linaweza kustahimili mvua. Awamu ya kwanza iwe msingi hadi jamvi. Awamu ya pili iwe kuta, lenta na paa kwa pamoja, bila kutenganishwa. Awamu ya tatu iwe lipu, sakafu, milango na madirisha. Ukuta usio na paa ni mahali pabaya kuliko pote pa kusubiria taarifa kupitishwa.

Tatu, mafungu ya maandalizi. Ni rahisi kumpata anayefadhili mabati, kwa sababu mabati yanapigwa picha. Ni vigumu kumpata anayefadhili kupima udongo, ramani na ukaguzi wa mhandisi. Lakini fedha hiyo ndogo ndiyo inayolinda ile kubwa.

Kwa upande wa sharika, taarifa inayochelewa inachelewesha awamu inayofuata. Stakabadhi zisikusanywe mwisho. Ziandikwe siku ile ile. Na tujue kuwa fedha za nje si kisima kisichokauka. Sharika rafiki za Ulaya zinapungukiwa na washarika, na mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID. Mradi unaotegemea fedha za nje kutoka msingi hadi kufuli unasimama juu ya mguu mmoja.

7. Kuharakisha si kulipua

Tunapozungumza juu ya kuchelewa, tusieleweke kuwa tunataka kazi ya kulipua. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, na watu wengi wakapoteza maisha. Hayo yalikuwa maghorofa, lakini zege haijui ghorofa na kanisa la kijijini.

Yako mambo ambayo hayaharakishwi. Zege ya lenta ikimwagwa, imwagiliwe maji kila siku kwa siku zisizopungua saba, na mbao za chini zisitolewe kabla fundi mkuu au mhandisi hajaruhusu. Nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28, kwa hiyo siku ya tatu bado ni mtoto mchanga. Maji yasizidishwe ili koleo liwe jepesi, kwa sababu zege ya uji inakauka ikiwa dhaifu. Siku hizi za kusubiri ziandikwe kwenye mpango tangu mwanzo, na mafundi wapewe kazi nyingine ya kufanya wakati huo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kazi mbovu ndiyo kazi inayochelewa kuliko zote, kwa sababu itafanywa mara mbili.

8. Tunayopendekeza

Ili semina hii isiishie kwenye chai na picha ya pamoja, tunapendekeza kila kamati irudi na kutekeleza haya:

(a) Kusiwe na jiwe la msingi kabla ya kuwepo ramani iliyopitishwa, mchanganuo wa vifaa na gharama, karatasi za kiwanja, na fedha au vifaa vya kumaliza awamu ya kwanza.

(b) Kuwe na mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, mwenye jukumu la kila siku kwenye eneo la ujenzi. Kamati ya watu kumi na wawili inasimamia sera, haiwezi kumsimamia fundi.

(c) Kuwe na daftari la eneo la ujenzi. Kila jioni yaandikwe mambo sita: nani alikuja, kazi gani ilifanyika na kwa kipimo gani, vifaa gani vilitumika, vipi vimebaki, hali ya hewa, na nini kilichosimamisha kazi. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litaonyesha ugonjwa uko wapi, bila kugombana.

(d) Kila Ijumaa kiwe na kikao kifupi cha msimamizi, fundi mkuu na mtunza stoo, chenye swali moja: wiki ijayo tunahitaji nini, na kati ya hivyo kipi hakipo? Kazi ambayo vifaa vyake havipo isipangwe.

(e) Kila mwezi hesabu isomwe kanisani na kubandikwa mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kazi iliyofikiwa. Kazi ikisimama, washarika waambiwe sababu na tarehe ya kuendelea. Watu wanavumilia kuchelewa kuliko wanavyovumilia ukimya.

(f) Usharika wenye majengo mawili yasiyoisha usianze la tatu. Ukae, uchague moja, ulimalize, uingie ndani na kulitumia.

Ofisi ya Miradi, kwa upande wake, iko tayari kukaa na kila kamati kutazama ramani na mchanganuo kabla ya kazi kuanza, na kusaidia kuwasiliana na mhandisi wa halmashauri. Njooni mapema, wakati penseli inaweza bado kufuta. Ukuta ukishasimama, ufutio wake ni nyundo.

Ndugu wajumbe, majengo tunayoyajenga ni ya watu ambao wengi wao hawatakaa kwenye semina kama hii. Ni ya mtoto anayesoma chini ya mwembe, ya mgonjwa anayesubiri kulipambazuke ili apate usafiri, na ya bibi aliyeuza kuku ili atoe mfuko mmoja wa saruji. Wote wamekwisha kutoa sehemu yao. Iliyobaki ni yetu.